Nyota Tatu za Njinjo

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimeitwa ofisi ya kata. Nilivaa koti. Amina, mke wangu, akauliza koti la nini na jua hili la Kilwa Masoko. Mtu anayekwenda kuheshimiwa huvaa koti.

Ofisini nikamkuta Mwalimu Ignatius ameshakaa. Na yeye kavaa koti! Jeusi, lile lile alilofundishia historia miaka thelathini, limeng'aa viwiko. Kumbe tumeitwa wote wawili.

Afisa utamaduni ni binti anaitwa Jenipher, mpole lakini hana masihara. Akatueleza. Ijumaa ya tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa. Kila mwaka yanasomwa majina ya watu wa huku waliokwenda vita vya Kagera. Safari hii kutakuwa pia na meza ya kumbukumbu pale uwanja wa mpira, ya beji za vitambaa walizoshonewa mgambo wetu mwaka 1978. Kibali cha polisi cha kuonyesha alama za mgambo anacho. Meza ni moja. Maikrofoni ni moja. Atakayeleta beji ya maana kuliko zote ndiye atakayesimama kueleza.

Moja! Na sisi wawili.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma daftari hili: mgambo waliondoka hapa na nguo za kijani tu, begani peupe. Basi kila kundi likashonewa alama yake na fundi cherehani au na mke wa mtu mwenye mkono mwepesi. Tembo, jembe, nanasi, chochote. Hakuna kitabu kinachosema ipi ni ya nani. Ndiyo maana anahitajika mtaalamu. Mtaalamu ni mimi. Ninazo kumi na moja, nimezipanga kwenye albamu ya harusi yetu. Picha za harusi ziko kwenye bahasha, salama kabisa. Amina alianza kulilalamikia jambo hili mwaka 2019 na bado hajamaliza.

Ignatius anazo tisa na kioo cha kukuzia. Basi.

Jenipher akauliza uzoefu wetu. Nikamwambia miaka ishirini na saba nimesoma mita za maji mji huu. Mtu aliyesoma namba zenye kutu ndani ya shimo lenye nge hashindwi na kitambaa. Ignatius akadakia kwamba mwaka 1998 nilimwandikia uniti 91 badala ya 16, kwa sababu mita yake niliisoma kichwa chini, nimeinama juu ya ukuta. Ni kweli nilikuwa juu ya ukuta. Aliyenipandisha ukutani ni mbwa wake. Hilo hakulisema!

Jumanne, 15 Julai

Ignatius anapita dukani na msikitini (yeye Mkatoliki, msikitini anatafuta nini?) akisema beji yangu ya tembo ni nembo iliyokatwa kwenye mfuko wa sembe. Uongo. Mfuko ule ulikuwa wa mbegu za ufuta, na tembo yule alishonwa juu yake kwa mkono. Kuna tofauti kubwa.

Nimejibu mapigo. Nimemwambia kinyozi wake kwamba beji yake ya nanasi ni kitambaa cha mezani. Kwa kinyozi yule, hadi saa sita mchana habari imefika Kivinje.

Lakini habari kubwa ni nyingine. Jenipher kanipigia simu. Kuna mjane Njinjo, Bi Rosalia. Mumewe, Leonard Mbonde, alikwenda vitani na mgambo wa Njinjo, na kafariki mwaka jana. Ana beji ya kundi la Njinjo. Beji ya Njinjo! Hakuna mtu aliyewahi kuiona. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano lori lilipowachukua vijana wale. Nililikimbilia mpaka pumzi zikaisha, nikala vumbi, nikabaki. Tangu siku ile nataka kujua walikuwa na alama gani.

Nikauliza kama Ignatius naye kaambiwa. Jenipher akasema kaambiwa kwanza. Sikulala mchana.

Jumatano, 16 Julai

Nimempigia Bi Rosalia. Nimeanza na shikamoo, maana kanizidi miaka saba, akaitikia marahaba. Halafu nikamtajia ukoo wangu, akacheka. Kumbe ukoo wetu na wao ni watani tangu enzi za babu! Nikahesabu kazi imekwisha.

Haikwisha. Akaniambia beji haimtoki mkononi mpaka jina la mumewe lisomwe uwanjani. Kwani halijawahi kusomwa? Halijawahi. Vita vilipokwisha, karani alikuja kuandika majina, na watu wa Njinjo walichelewa, mto ulikuwa umejaa. Walipofika karani kaondoka. Wenzake Leonard wengine walihama, wengine wakafa, hawakujali. Leonard alijali. Kila mwaka siku ikikaribia, alipiga pasi shati lake la mgambo kwa pasi ya mkaa, akalikunja, maana kulivaa alikuwa haruhusiwi tena, akalitia kwenye mfuko, akashuka hadi Masoko. Akasimama nyuma ya umati kusikiliza majina mpaka la mwisho. Akarudi Njinjo. Bi Rosalia alikuwa haulizi kitu. Alikuwa anapakua chakula tu.

Jambo hili liliniuma, sifichi.

Jenipher kamwambia jina litaongezwa kikipatikana kitu cha ushahidi, kitambuliwe na mtu anayezijua beji, kwa barua. Kwa hiyo Jumamosi, kwenye misa ya mwaka mmoja wa Leonard, atatuonyesha wote wawili, mimi na Ignatius. Tuitazame pamoja, tuelewane, tuandike.

Pamoja! Na Ignatius! Nikasema sawa, dada. Mdomo ndio uliosema.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata mpango. Nimeupata msikitini wakati wa hotuba, Mungu anisamehe.

Mtani ana haki zake. Kwenye msiba, na hata kwenye kumaliza mwaka, mtani anaruhusiwa kunyakua kitu chochote cha wafiwa, na hakirudi mpaka kikombolewe. Kuku, kanga, mia mbili, anavyotaka yeye mtani. Hakuna wa kukasirika. Anayekasirikia utani anajiaibisha mwenyewe.

Ignatius si mtani wao. Ignatius katoka Masasi!

Amina kasema utani ni wa kuwaliwaza wafiwa, si wa kuwaibia. Nikamwambia hizo ni tafsiri.

Jumamosi, 19 Julai

Ushindi! Naandika kabla ya kuoga, vumbi la bodaboda ya Nangurukuru bado liko usoni.

Nimefika Njinjo misa imekwisha, watu wamekaa uani. Mkekani paliwekwa picha ya Leonard, rozari yake, na shati la kijani lililokunjwa vizuri. Juu ya shati, beji. Ilikuwa imefumuliwa begani zamani, ikahifadhiwa kwenye kitabu cha sala. Ignatius yupo, kioo tayari mkononi, anasubiri kuitwa. Mstaarabu sana.

Nikaenda kumpa pole mjane. Nikasema, "Huyu marehemu alikuwa na deni langu la usingizi, alikoroma mpaka Masoko tukamsikia." Wanawake wakacheka, wakajua mtani kafika. Nikainama kana kwamba nabusu picha. Nikanyakua beji. Nikakimbia nayo hadi penye zizi la mbuzi!

Shangwe. Vigelegele. Wakanifuata na kuku wa kukomboa, jogoo mzuri mwekundu. Nikakataa. Nikatangaza kwa sauti kwamba ukombozi wa kitu hiki ni simba wawili, wazima, dume na jike.

Hapo kicheko kikapungua kidogo. Bibi mmoja akasema mtani anayetaka kisichowezekana na yeye ataombwa kisichowezekana. Sikumjali. Ignatius alibaki kaduwaa na kioo chake. Uso ule nitaukumbuka hadi kaburini.

Bi Rosalia hakunifuata. Alikaa pale pale mkekani. Nilipopita kwenda zangu akasema, "Chukua, mtani. Ila Ijumaa jina la Leonard lisomwe. Na sisi siku yetu itafika." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Jumapili, 20 Julai

Utambuzi. Nimefunga mlango wa sebule. Nimeweka beji mezani juu ya karatasi nyeupe.

Kitambaa cha kaki, ukubwa wa kiganja. Uzi wa aina tatu. Juu kuna alama tatu za kijivu zimepangana mstari mmoja. Chini yake kuna ndimi za moto, uzi mwekundu. Chini kabisa kuna dude jeusi la mviringo, lina mdomo.

Nilitazama kwa muda wa saa mbili. Halafu nikasimama peke yangu sebuleni, nikapiga saluti.

Nyota tatu! Nyota tatu ni kapteni! Moto ni mlipuko. Dude jeusi ni bomu la mzinga. Leonard Mbonde, mkulima wa ufuta wa Njinjo, alikuwa Kapteni wa mizinga, na watu hawakujua!

Amina akaingia na sahani ya mihogo, akakaa upande wa pili wa meza, akatazama. Akasema, "Hicho chungu." Nikamwuliza chungu gani. Akasema chungu, kiko jikoni, kinachemka. Nikamwambia kwa upole kwamba mtu anayeshinda na vyungu akitazama chochote ataona chungu. Akasema basi njoo ukae huku uone. Kwa nini nihame? Kiti cha mwenye nyumba ni hiki.

Amina hajui mambo ya jeshi.

Jumatatu, 21 Julai

Barua imekwenda kwa Jenipher, kurasa mbili, nimeipigisha chapa steshenari. "Mimi Kondo, mtambuzi, nathibitisha pasipo shaka kwamba marehemu alikuwa Kapteni Leonard Mbonde, wa mizinga." Nimepigia mstari "pasipo shaka".

Nimeiweka na picha ya beji kwenye grupu la WhatsApp la kata, vile vile nilivyoitazama mimi mezani, ili Ignatius aione akiwa anakunywa chai. Watu arobaini wameweka alama ya dole gumba. Mmoja kaweka ya kucheka. Nimemjua, ni mpwa wa kinyozi.

Jioni nimempigia Bi Rosalia kumpa habari njema. Nikamwambia mumewe alikuwa kapteni. Akauliza kapteni wa nini. Wa mizinga, nikasema. Akauliza nani kaniambia. Nikamwambia beji yenyewe imesema. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza hadithi ndefu, na mimi salio lilikuwa linaelekea kwisha, nikamuaga.

Jumanne, 22 Julai

Adui kashambulia!

Ignatius naye kapeleka barua. Kurasa nne! Kwa kutumia picha yangu mwenyewe ya WhatsApp! Anasema dude jeusi ni ngoma, moto ni manyoya mekundu, na alama tatu ni njuga. Kwa hiyo, anasema, hii si beji ya vita hata kidogo, ni ya wacheza beni, ile ngoma ya zamani ambayo wachezaji walijipa vyeo vya kijeshi na kuandamana kwa tarumbeta. Leonard, kwa maoni yake ya kitaalamu, hakwenda Kagera. Alicheza ngoma.

Nilipiga meza, mihogo ikamwagika. Mjane wa watu anasubiri jina, huyu anamletea njuga! Nikamwandikia kwenye grupu kwamba aliyefundisha watoto kwa kusoma kitabu ukurasa mmoja mbele yao asituletee utaalamu. Akajibu kwa namba mbili tu: 91 na 16.

Amina kasema heri mngemwuliza mwenyewe Bi Rosalia. Nikamwuliza Bi Rosalia kasomea wapi beji.

Alhamisi, 24 Julai

Leo ni siku mbaya.

Jenipher katuita wote wawili. Barua mbili ziko mezani kwake. Akasema amekagua. Katika mgambo wa huku hakukuwa na kapteni yeyote kutoka Njinjo, na mgambo wa kawaida hakupewa mizinga. Akasema mtaalamu mmoja anasema kapteni, mwingine anasema mchezaji ngoma, na yeye hawezi kwenda mbele ya mkuu wa wilaya na kitu kama hicho. Kwa hiyo jina la Leonard halitasomwa. Hata mwaka huu.

Nilipigana, isije ikasemwa sikupigana. Nilipendekeza tupunguze nyota moja, awe luteni. Jenipher akanitazama. Nikasema haya, mbili. Ignatius akasema yeye yuko tayari kuandika "mcheza ngoma mzalendo". Jenipher akafunga faili taratibu sana, nikaona macho yake yamelowa. Akasema yeye ndiye atakayempigia mama yule.

Na maikrofoni? Hakuna wa kuipata. Meza tugawane, kila mtu ncha yake, na tusiongee.

Nje, mimi na Ignatius tulisimama kwenye jua. Nikamwambia yote haya ni kosa lake. Akasema ni langu. Tukaachana.

Jioni Bi Rosalia akanipigia yeye. Nilitaka nisipokee, nikapokea. Hakulaumu. Akasema tu, "Nitakuja hivyo hivyo, mtani. Shati nimeshalipiga pasi."

Chakula kimenishinda. Wali wa nazi na samaki, na umenishinda. Amina kachukua sahani bila kunilaumu, na Amina asiponilaumu ujue hali mbaya. Lakini nasema na naandika: kosa si langu! Nyota ni tatu! Nimezihesabu!

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Nitaandika yote, hata yale ambayo Ignatius atayasema vibaya.

Uwanja ulijaa. Nilisimama ncha ya mashariki ya meza na albamu yangu. Ignatius ncha ya magharibi na ubao aliobandikia beji zake tisa. Beji ya Njinjo niliiweka mbele kabisa, kwenye kijisahani cha kioo cha Amina, nyota juu. Watu walipita, wakatazama, wakaguna.

Saa nne wakafika watu wa Njinjo. Bi Rosalia mbele, kavaa kitenge cha kanisani, nyuma yake wanawake kama kumi na tano wa ukoo wao. Mkononi mwake shati la kijani limekunjwa, mikunjo imenyooka kama rula. Hakuja mezani. Alikwenda kusimama nyuma ya umati. Jenipher akaninong'oneza kwamba pale ndipo mzee yule alipokuwa anasimama.

Majina yakaanza kusomwa. Mtu akiitwa, ndugu zake wanapiga makofi. Jina la Hussen Mapande likasomwa na mwenyewe akainua fimbo. Mzee huyu anaishi Songo Songo, miguu yake mibovu, alikuwa hajafika sherehe hizi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Safari hii wanawe wamemleta kwa boti.

Orodha ikaisha. Leonard hakusomwa. Wimbo ukawa unaandaliwa.

Hapo Bi Rosalia akapita katikati ya umati, taratibu, watu wakampisha. Akaja mezani, akasimama mbele yangu, upande ule wa pili. Akaitazama beji. Akanitazama mimi. Akachukua beji kutoka kwenye kijisahani, akalikunjua shati, na pale begani nikaona vitundu vya sindano ya zamani, mstari mzima. Akatoa sindano na uzi kwenye upindo wa kitenge, akaanza kushona mbele ya watu wote, mkuu wa wilaya anatazama. Aliigeuza kwanza. Aliishona kichwa chini!

Nikamnyooshea mkono, nikamwambia dada, unaigeuza. Hakuinua uso. Akasema, "Wewe ndiye uliyeigeuza. Hii nilishona mimi, usiku wa kuamkia lori. Uzi mweusi nilifumua kwenye skafu ya mama. Na tangu mwanzo hakuna aliyeniuliza."

Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akaliinua shati juu kwa mikono miwili.

Uwanja mzima ukaona. Chungu cheusi, mdomo juu. Chini yake moto. Chini ya moto, mafiga matatu. Wanawake wakasema "Chungu!" kwa pamoja, na sauti iliyotangulia zote ni ya Amina. Niliitambua.

Halafu yule mzee Hussen akasimama. Wanawe wakamshika, akawasukuma. Akaja na fimbo yake mpaka mezani, akaligusa bega la shati kwa kidole.

"Huyu ni Mafiga," akasema. "Mvua siku nne, kuni mbichi, na tulikula kila siku. Miaka yote namtafuta kwa jina la Mafiga. Jina lake jingine sikulijua."

Bi Rosalia akamwambia jina lake ni Leonard.

Jenipher hakuomba ruhusa kwa mtu. Alichukua maikrofoni, akasoma: "Leonard Mbonde. Wa Njinjo. Mpishi wa kikosi." Makofi hayo sijawahi kuyasikia pale, hata timu ilipopanda daraja. Bi Rosalia akakaa chini kwenye majani ya uwanja, shati kalikumbatia, akalia kwa sauti. Mzee Hussen akakaa chini naye, na miguu yake ile.

Nami macho yakaniwasha. Uwanja ule una vumbi sana, nimeshawahi kuandikia halmashauri.

Nilidhani mambo yamekwisha. Bi Rosalia akajifuta uso, akanyanyuka, akanitazama. Akatabasamu.

"Haya, mtani. Siku yetu imefika."

Wanawake kumi na tano! Mmoja alinivua koti. Mmoja kofia. Mmoja alinipaka unga wa muhogo uso mzima, naye alikuwa kauandaa kabisa kwenye mfuko. Albamu yangu ikaondoka, beji kumi na moja, juu kwa juu, ikapita kwenye mikono mpaka sikuiona tena. Nikapiga kelele ukombozi ni nini. Wakaitikia wote: simba wawili, wazima, dume na jike!

Watu walicheka mpaka wakashikana. Ningefanya nini? Anayekasirikia utani anajiaibisha. Nikacheka nao, kwa meno.

Mwisho wakanihurumia. Badala ya simba, niwapikie. Pale pale pembeni ya uwanja, chungu kikubwa, mafiga matatu, ugali na maharage kwa ukoo mzima wa Njinjo. Ignatius alikuwa anacheka kuliko wote, machozi yanamtoka. Bi Rosalia akamwita mwalimu, akamwambia kwa heshima zote kwamba aliyeandika kurasa nne mumewe hakwenda vitani hawezi kukosa nguvu za kutafuta kuni. Akakoma kucheka. Akazileta, mbichi zote.

Nilipuliza moto saa nzima. Moshi, unga, jasho. Mzee Hussen alikaa karibu kunielekeza. Aliniambia ugali wangu ni mbaya kuliko risasi, akala sahani mbili.

Albamu nimerudishiwa saa kumi. Koti lina matundu ya cheche.

Jumatatu, 28 Julai

Nimepumzika siku mbili. Nimetafakari. Nimekubali kwamba nilifanya kosa, na kosa lenyewe nimelijua.

Kosa ni kwamba beji nyingine zote kumi na moja nazitazama upande ule ule! Leo nimeigeuza albamu nzima kichwa chini na ulimwengu mpya umenifungukia. Jembe limekuwa bendera. Tembo amekuwa meli ya kivita. Ile niliyoiita mbuzi ni ndege ya kushambulia, miguu yote minne juu, ndiyo mabomu yenyewe. Amina kapita kasema ni mbuzi kafa. Sijabishana naye.

Na kuhusu Njinjo nina jambo. Mpishi, sawa. Nakubali mpishi. Lakini tujiulize, mafiga matatu kwa nini? Mbona si manne? Mbona yanalingana idadi na nyota za kapteni, bila kupungua wala kuzidi? Jeshi lina siri zake. Mtu akitaka kumficha kapteni asionekane na adui, atamweka wapi? Jikoni! Ignatius hawezi kuliona hili hata kwa vioo kumi. Nimeanza barua, niko ukurasa wa tatu.

Kinachohitajika ni kulichunguza lile shati, hasa upande wa ndani wa bega. Asubuhi nimempigia Bi Rosalia nikamwomba nije nilichukue kwa wiki moja tu, kwa ajili ya utaalamu. Nilijiandaa kwa ubishi. Hakubisha hata kidogo! Nikasikia anawaeleza wenzake kando, na wenzake ni wengi, halafu akarudi kwenye simu.

Akasema, "Njoo, mtani. Tunakungoja."

Kasalimu amri mwenyewe. Nimemwambia Amina anishonee yale matundu ya koti.